Ifahamu Maana ya Neno "Wote" katika Sheria na Huduma za Umma: Mafunzo kutoka Kigongo, Mwanza

Tarehe 19 Juni 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alifungua rasmi Daraja la J.P. Magufuli, linalofahamika pia kama Daraja la Kigongo–Busisi. Tangu siku hiyo, safari ya kuvuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema, haitegemei tena kivuko kifike, kipakie na kiondoke.

Katika taarifa nyingi zinazotolewa kwa umma kuhusu miradi, sheria na huduma, yapo maneno yanayojirudia: mradi huu ni wa wote, agizo hili linamhusu kila mtu, huduma itatolewa kwa wote bila ubaguzi. Kwa kuwa yamezoeleka, msomaji huyapita haraka ili afike penye tarehe, gharama na utaratibu. Hata hivyo, ndani ya neno "wote" ndimo ilimo ahadi kubwa kuliko zote zilizomo katika tangazo, na ndimo ulimo pia wajibu wa anayetangaza na wa anayetangaziwa.

Makala haya yanafafanua maana ya kitu kuwahusu watu wote: nani anaingia katika neno hilo, kwa nini kuwahusu wote si lazima kumaanishe kuwafanyia wote jambo lile lile, ni wakati gani msamaha huwa halali, na mwananchi afanye nini anapoona kuwa neno "wote" halikumfikia.

Kutoka zamu ya kivuko hadi barabara iliyo wazi

Kabla ya daraja, eneo la Kigongo–Busisi lilihudumiwa na vivuko vilivyo chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA). Kivuko kilikuwa cha wote: mfanyabiashara wa samaki, mkulima, mwanafunzi, mgonjwa na dereva wa lori kutoka nchi jirani walipanda chombo kimoja. Lakini kivuko kina nafasi zenye kikomo. Kinachowezekana ni kuwahudumia wote kwa zamu, na palipo na zamu lazima pawe na kanuni ya nani atangulie. Magari yalipanga foleni, na msafiri aliyefika baada ya chombo kujaa alisubiri kirudi kutoka ng'ambo.

Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, Rais wa Awamu ya Tano, aliweka jiwe la msingi la daraja tarehe 7 Desemba 2019, na ujenzi ukaanza Februari 2020 chini ya usimamizi wa Wakala ya Barabara Tanzania (TANROADS). Daraja hilo, lenye urefu wa takribani kilomita 3, upana wa mita 28.45 na barabara unganishi, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, fedha zilizotolewa na Serikali ya Tanzania. Linaunganisha barabara kuu ya Usagara–Sengerema–Geita, inayotumiwa pia na wasafiri wa Kagera na wa nchi jirani. Gari lililokuwa likitumia nusu saa au zaidi majini, mbali na muda wa kusubiri, sasa huvuka kwa dakika zisizozidi tano.

Mabadiliko haya yanaonesha namna mbili za kitu kuwa cha wote. Kivuko kilikuwa cha wote kwa kugawana: nafasi aliyoichukua mmoja haikubaki kwa mwingine. Daraja ni la wote kwa kutumia pamoja: anayevuka leo asubuhi hampunguzii nafasi anayevuka mchana. Huduma nyingi za umma bado zina sura ya kivuko. Vitanda vya wodi, madawati ya shule na viwanja vilivyopimwa vina kikomo. Kwa huduma za aina hiyo, kusema "ni za wote" hakutoshi mpaka kanuni ya zamu nayo ijulikane, na imfunge kila anayesimama kwenye mstari.

Katiba inasema nini

Msingi wa jambo hili umewekwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 12 inatambua kuwa binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ibara ya 13 inaweka usawa wa watu mbele ya sheria na kukataza mamlaka yoyote nchini kuweka sheria yenye sharti la ubaguzi, iwe ubaguzi huo umo katika maneno ya sheria yenyewe au katika taathira yake. Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee. Sheria inaweza kuandikwa kwa maneno yasiyomtaja mtu yeyote, kisha katika utekelezaji ikawafungia nje watu wa aina moja tu. Katiba inaitazama sheria mahali pote pawili.

Ibara hiyo hiyo inaeleza ubaguzi ni nini: kuwatimizia watu haki au mahitaji yao kwa namna tofauti kwa kuzingatia mambo kama utaifa wao, kabila, mahali walipotokea, maoni yao ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali yao ya maisha, hata baadhi wakahesabiwa kuwa dhaifu au duni. Ibara ya 29 inakwenda mbele zaidi kwa kukataza raia yeyote kuwa na haki, hadhi au cheo maalumu kwa misingi ya nasaba, jadi au urithi wake. Kwa lugha ya kawaida, jina la ukoo haliwezi kuwa kibali cha kupita.

Upande wa pili wa sarafu ni wajibu. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu kufuata na kutii Katiba na sheria za nchi. Katiba haikumtaja mwananchi wa kawaida peke yake, wala haikumtoa mwenye madaraka. Sheria inayomlinda mtu na sheria inayomfunga ni ile ile.

Ni vema pia kuangalia neno lililotumika. Katiba husema "kila mtu" mahali pengine na "kila raia" mahali pengine. Haki ya kuishi na haki ya kufanya kazi zimetamkwa kwa kila mtu. Haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi na haki ya kwenda kokote katika Jamhuri zimetamkwa kwa raia. Vivyo hivyo, sheria husema mapema iwapo itatumika Tanzania Bara peke yake au pande zote mbili za Muungano. Kwa hiyo "wote" katika tangazo rasmi huwa na mpaka. Si kosa kuwa na mpaka. Kosa ni mpaka kutotamkwa, mwananchi akaugundua akiwa tayari yuko dirishani.

Kanuni moja, hali tofauti

Dhana inayopotosha wengi ni kwamba kuwahusu wote ni kumpa kila mtu kitu kile kile, kwa kiasi kile kile na kwa wakati ule ule. Barabara zenyewe zinaonesha kuwa sivyo.

Chukua udhibiti wa uzito wa magari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, inayataka magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 kupimwa katika vituo vya mizani, na imeweka ukomo wa juu wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Gari dogo la familia halipimwi. Je, sheria hiyo haiwahusu wote? Inawahusu. Kigezo chake ni uzito, na uzito hauna kabila wala cheo. Mwenye gari dogo leo akinunua lori kesho, atasimama mizani kama wengine. Hata mzigo usio wa kawaida, kwa mfano mtambo mkubwa usioweza kugawanywa, huruhusiwa kwa kibali maalumu ambacho masharti yake yameandikwa na yanaweza kuombwa na yeyote mwenye mzigo wa namna hiyo.

Mfano wa pili ni gari la wagonjwa. Linapopewa nafasi ya kutangulia barabarani au kivukoni, waliokuwa mbele yake wanasubiri kidogo zaidi. Hakuna anayelalamika kuwa kanuni ya foleni imevunjwa, kwa sababu kila aliye kwenye foleni anajua kuwa siku moja anaweza kuwa yeye, au mama yake, aliye ndani ya gari hilo. Nafasi hiyo hupewa hali ya mtu; jina lake halina sehemu.

Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo ina mfano wa aina hiyo. Mtoto aliye chini ya umri wa miaka kumi hawajibiki kijinai kwa tendo alilolifanya. Msamaha huo haumpendelei mtoto wa fulani. Kila mtu nchini alipata kuwa na umri huo, na alipokuwa nao alilindwa na kifungu hicho.

Kutokana na mifano hii, msamaha au kipaumbele halali huweza kutambuliwa kwa alama tatu. Kwanza, unategemea hali, tendo au mahitaji, wala hautegemei utambulisho wa mhusika. Pili, umeandikwa na kutangazwa kabla haujatumika. Tatu, upo wazi kwa yeyote atakayekuwa katika hali hiyo. Msamaha unaotolewa kwa kunong'onezana, hata kama ni kwa mtu mwenye shida ya kweli, hauna alama hizo, na madhara yake huanzia kwa yule aliye nyuma ya foleni asiyemjua mtu yeyote.

Katiba yenyewe imezingatia hili. Katika tafsiri ya neno "ubaguzi", Ibara ya 13 inaeleza kuwa Serikali haizuiwi kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike na watu wenye ulemavu, imejengwa katika mantiki hiyo. Ofisi yenye ngazi tupu imefunguliwa kwa wote katika tangazo, lakini kwa anayetumia kiti cha magurudumu mlango huo umefungwa.

Kila aliyepanda ahesabiwe

Katika Ziwa Victoria, swali la nani anaingia katika neno "wote" limewahi kuwa swali la uhai.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilizama karibu na Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Mamia ya watu walipoteza maisha, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma, jijini Mwanza. Taarifa za ajali hiyo zinaonesha kuwa abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina, ilhali wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo zaidi, hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo idadi kamili ya waliokuwemo haikubaliki kwa tarakimu moja, na hutajwa kwa makadirio.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kikiwa kimebeba watu wengi waliotoka gulioni. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliopoteza maisha ni zaidi ya 220, yaani zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda.

Ajali hizi mbili zinafundisha jambo ambalo halionekani kirahisi katika maandishi ya sheria. Kanuni ya ukomo wa abiria ilikuwepo. Jaketi za kuokolea maisha hutakiwa kuwepo kwa kila aliyemo. Lakini kanuni inayosema "kila abiria" haina nguvu ikiwa baadhi ya abiria hawakuhesabiwa. Asiyehesabiwa hana jaketi lililoandaliwa kwa ajili yake, hana nafasi katika hesabu ya uzito wa chombo, na maafa yanapotokea, ndugu zake hawana karatasi ya kuonesha kuwa alikuwemo.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya msamaha wa malipo na msamaha wa kuhesabiwa. Mtoto mchanga anaweza kusamehewa nauli. Hawezi kusamehewa kuhesabiwa, kwa kuwa kwa chombo kilicho majini yeye ni mtu kamili. Abiria anayemwomba karani ampitishe bila tiketi kwa sababu "ni mwendo mfupi" huenda akadhani ameokoa fedha kidogo. Kwa kweli amejiondoa mwenyewe katika idadi ya watu ambao chombo kimejiandaa kuwaokoa. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini kwa sasa upo chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na masharti ya ukomo wa abiria yanavihusu vyombo vya umma na vya watu binafsi. Mwaliko wa kukataa kupanda chombo kilichojaa ni wa kila msafiri, hata anapokuwa na haraka ya kufika msibani.

Hukumu ya Mwanza ya mwaka 1990

Kanuni inaweza pia kuwatenga watu ikiwa imekaa katika mila kwa muda mrefu kiasi cha kuonekana kuwa ndiyo hali ya kawaida. Mfano unaofahamika sana katika historia ya sheria nchini unatoka upande huu huu wa ziwa, na uliamuliwa na Mahakama Kuu ya Tanzania iliyoketi Mwanza.

Mwanamke mmoja wa jamii ya Wahaya, katika Wilaya ya Muleba, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa kiume wa ukoo huo alifungua shauri akidai kuwa mauzo hayo ni batili, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria za mila mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hakuwa na uwezo wa kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ilitengua uamuzi huo, na shauri likafika Mahakama Kuu mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Wakati huo Haki za Msingi zilikuwa zimeingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984. Katika hukumu yake ya mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alieleza kuwa kanuni hiyo ya mila ilikuwa na ubaguzi dhidi ya wanawake na ilikwenda kinyume cha Katiba. Mauzo yakatambuliwa kuwa halali.

Njia iliyotumiwa na Mahakama inastahili kuangaliwa kwa makini. Mahakama haikuifuta ardhi ya ukoo, wala haikusema kuwa ukoo hauna sauti. Wanaume walikuwa na uwezo wa kuiuza ardhi hiyo chini ya masharti fulani, na wanaukoo walikuwa na fursa ya kuikomboa kwa kurejesha bei. Hukumu iliyaweka masharti hayo hayo kwa wanawake: mwanamume au mwanamke anayeuza ardhi ya ukoo atafuata utaratibu mmoja, na wanaukoo watakuwa na fursa ile ile ya kuikomboa. Kanuni ilibaki, kilichoondoka ni mlango uliokuwa ukifunguka kwa jinsia moja. Kwa namna hiyo, kulifanya jambo liwahusu wote hakukuhitaji kuivunja mila, bali kuipanua imfikie binti wa ukoo kama inavyomfikia kijana wa kiume.

Huduma zenye jina la "kwa wote"

Katika miaka ya karibuni neno hili limeingia katika majina ya sera na sheria zenyewe. Elimumsingi bila ada ilianza kutekelezwa Januari 2016, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na baadaye ikafikishwa kidato cha sita. Hata hivyo, kuondolewa kwa ada peke yake hakukuwafikia wanafunzi waliokuwa wamekatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Kwa hatua hiyo, mduara wa "wote" uliongezeka upana bila ya ada kubadilika hata shilingi moja.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wapo wanaolichukulia jina la sheria hiyo kuwa na maana ya matibabu bila malipo kwa kila mtu. Maana ya bima ni nyingine: watu huchangia kabla ya kuugua, fedha zikakusanywa pamoja, na anayeugua akahudumiwa kutoka katika fungu hilo. Neno "wote" lina kazi mbili hapa. Mosi, linaahidi kuwa hakuna atakayeachwa nje, na kwa sababu hiyo sheria imeweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Pili, linawaita hata walio na afya njema kuingia. Bima wanayoingia wagonjwa pekee haiwezi kudumu, kama vile chama cha kufa na kuzikana kisivyoweza kudumu ikiwa watu wanajiunga siku ya msiba. Anayechangia leo akiwa mzima hawasaidii wengine peke yao; anaweka nafasi yake ya kesho.

Tangazo limfikie kila linayemhusu

Sheria za nchi haziruhusu mtu kujitetea kwa kusema kuwa hakuijua sheria. Kanuni ya Adhabu imelitamka hilo waziwazi. Ikiwa kutojua si utetezi, basi kujulisha ni deni. Ndiyo sababu sheria ndogo na kanuni hutakiwa kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, na ndiyo sababu sheria huwa na tarehe ya kuanza kutumika badala ya kumvamia mtu kwa tendo alilolifanya zamani. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda.

Lugha nayo ni sehemu ya deni hilo. Kwa miongo mingi sheria nyingi za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, zikiwafunga watu ambao wengi wao hawakuweza kuzisoma. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mvuvi wa Kigongo anayetakiwa kufuata kanuni za ukubwa wa matundu ya nyavu ana haki ya kuisoma kanuni hiyo kwa lugha anayoitumia kuuzia samaki wake.

Maswali ya kujiuliza unaposoma tangazo rasmi

Mwananchi anayekutana na tangazo linalosema "kwa wote" anaweza kulipima kwa maswali haya:

1. "Wote" ni akina nani: kila mtu, kila raia, kila mkazi wa eneo, au kila mwenye shughuli fulani? Je, ni Tanzania Bara, Zanzibar, au pande zote mbili?
2. Kigezo kinachotumika ni kipi? Je, ni jambo ambalo yeyote anaweza kuwa nalo, kama umri, uzito wa gari, ugonjwa au kipato?
3. Misamaha ni ipi, imeandikwa wapi, na nani mwenye mamlaka ya kuitoa?
4. Kama nafasi ni chache, kanuni ya zamu ni ipi, na je, imebandikwa mahali panapoonekana?
5. Je, wapo watu ambao kanuni haiwataji kwa ubaya, lakini utekelezaji wake unawaacha nje?
6. Inaanza kutumika lini, na malalamiko yanapelekwa wapi?

Katiba imeweka njia za kufuata pale majibu yasiporidhisha. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Ibara ya 30 inamruhusu anayeona kuwa haki yake ya msingi imevunjwa, au inaelekea kuvunjwa, kufungua shauri Mahakama Kuu. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa mujibu wa Katiba, inayopokea malalamiko ya uvunjwaji wa haki na ukiukwaji wa misingi ya utawala bora. Kwa mambo ya kila siku, hatua ya kwanza inayofaa ni kumwomba mhudumu aoneshe kanuni iliyoandikwa. Ombi hilo si utovu wa adabu. Ni namna ya kuikubali kanuni.

Kazi isiyokwisha siku ya uzinduzi

Swali la tano katika orodha hiyo linaonekana vizuri Kigongo penyewe. Daraja lina njia za magari na njia za watembea kwa miguu, na hakuna anayezuiwa kupita. Hata hivyo, kilomita 3 hazina uzito mmoja kwa kila mtu. Mwenye gari huzimaliza kwa dakika chache. Anayetembea huhitaji kama dakika arobaini, muda usiotofautiana sana na ule wa kuvuka kwa kivuko. Zamani, mzee aliyekuwa na kikapu chake alibebwa na chombo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine akiwa ameketi. Leo anahitaji ama miguu yenye nguvu, ama nauli ya basi au bodaboda.

Hilo haliondoi manufaa makubwa ya daraja kwa wagonjwa, wafanyabiashara na wasafiri wa Kanda ya Ziwa. Linaonesha tu kwamba kulifanya jambo liwe la wote ni kazi inayoendelea baada ya utepe kukatwa. Usafiri wa umma unaosimama pande zote mbili, vituo vya kushushia abiria vilivyo karibu na makazi, taa na usalama wa njia ya waenda kwa miguu ndivyo vinavyolifikisha daraja kwa asiye na gari. Na kipimo kinachofaa ni yule anayepita kwa taabu zaidi: mzee mwenye kikapu, abiria wa daraja la tatu, binti wa ukoo, mwanafunzi aliyekatiza masomo. Kanuni au huduma ikishamfikia huyo, waliobaki huwa imekwisha kuwafikia.